Bernadina na Karatasi ya Duara

Bernadina huwapikia wachimbaji wa Mwakitolyo, na mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na moja, amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Watu walicheka weee, wakachoka. Kila alasiri mwalimu Theonest humfundisha Kiingereza: kirai, maneno yasiyo na kitenzi, kipigie mstari mwekundu, kishazi chenye kitenzi kipigie wa buluu, halafu jiulize mwandishi anakuvutia wapi. Mchezo huo ulimkolea. Akawa anapigia mistari hata maboksi ya sabuni.

Jumanne moja asubuhi mumewe Kalisti, msimamizi wa duara, yaani shimo la dhahabu wanalochimba watu kumi na wawili, alimwachia nakala ya mkataba wa Kiingereza wa kampuni iliyotaka kuungana nao.

"Jifunzie hiyo, Mama Kudra. Saa nne tunasaini!"

Akaondoka anapiga mluzi. Bernadina akachukua kalamu zake. Wekundu ukajaa ukurasa: maisha bora, familia moja, kesho yenye neema. Maneno matamu, lakini hakuna mtu anayefanya lolote! Buluu ilikuwa haba, na mstari mmoja ulimsisimua mwili mzima: wachimbaji wataondoka eneo hilo ndani ya siku saba baada ya kusaini. Akausoma mara tatu.

Saa nne hiyo. Kule kwenye mdomo wa duara alimwona Kalisti amezungukwa na wachimbaji na wajumbe wawili wa kampuni, kalamu mkononi. Simu yake Kalisti alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaji. Na mwanamke hakanyagi pale. Wachimbaji huamini dhahabu itapotea, wangemfukuza kabla hajasema neno.

Basi akanyakua mfuniko wa sufuria na mwiko, akagonga kama kichaa. Ugali tayari! Wakaja mbio wote, Kalisti na kalamu yake, na wale wajumbe wawili wa kampuni nyuma wakihema.

"Chakula kiko wapi?" Chacha, mchimbaji mwenye njaa kuliko wote, alifunua sufuria tupu.

"Hakuna. Kaeni niwasomee."

Akawasomea wekundu kwa Kiswahili, akawaambia hizo ni sifa tu. Akawasomea buluu.

"Mama hajaelewa," alisema mjumbe mmoja. "Hiyo ni lugha ya kisheria."

"Basi tusomee wewe, baba. Mstari huu mmoja tu."

Mjumbe akaitazama karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Kalisti akafunika kalamu yake. "Wabeja, mke wangu," alimshukuru kwa Kisukuma, mbele ya wote.