Nikupokee, Mzee

Tuanze na begi, maana ndilo lililoleta maneno yote. Ndani yake mlikuwa na kilo kumi za mchele wa Lupiro, perege wakavu kwenye mfuko wa sandarusi, masweta mawili ya mtumba na nguo za ndani za kutosha wiki. Osward alilifunga mwenyewe kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, kama alivyofunga magunia ya mpunga miaka thelathini, na likapanda ndege mpaka Nepali bila kulegea hata kidogo. Mkewe, Levina, alimuuliza mchele wa nini wakati huko nako wanalima mpunga. Osward akamjibu kwamba mtu haendi kwa watu mikono mitupu, hata hao watu wawe na maghala.

Kilichompeleka huko ni mbu. Sarita, binti wa Kinepali, alikaa Lupiro miaka miwili akisomea mambo ya mbu, na kila asubuhi Osward alimpelekea maabara Ifakara vikombe vyenye mbu hai, amevipanga kwenye baiskeli yake ya Foniksi kama mayai. Hakuwahi kumwaga hata kimoja. Sarita akaapa kwamba akishapata udaktari wake atamwita kwao akatembee milimani siku sita. Watu wa Lupiro walicheka, wakasahau. Sarita hakusahau, na tiketi ikaja kweli.

Ilimkuta Osward na kinyongo. Miezi mitatu kabla, msimamizi wa mashine ya kukobolea mpunga, aliyombebea magunia kwa baiskeli, alimwita pembeni akamwambia, "Mzee, umefanya kazi sana, sasa pumzika," huku akimwonyesha pikipiki ya matairi matatu inayobeba magunia kumi kwa mara moja. Mzee! Osward alikuwa na miaka hamsini na mitatu tu, na miguu yake ilikuwa haijamwambia lolote. Tangu siku hiyo hakuitikia shikamoo ya mtu. Vijana wa bodaboda wakimwamkia, anawajibu, "Hiyo kamwambie baba yangu," halafu anapiga pedali kwa nguvu ili wamwone anavyokwenda.

Basi asubuhi ya siku ya kwanza ya safari walisimama wanne chini ya ngazi za mawe. Kulikuwa na Sarita, ambaye bado anaongea Kiswahili cha Lupiro kabisa. Kulikuwa na Binodi, kiongozi wa msafara, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye filimbi shingoni na msimamo wa afisa magereza. Na kulikuwa na Bahaduri, mpagazi, aliyepangiwa kubeba begi la Osward. Ngazi zenyewe zilipanda mpaka zikaingia kwenye ukungu. Osward tangu azaliwe ameiona Udzungwa kwa mbali akaiacha hukohuko, na mahali pa juu kuliko pote alipowahi kupanda kwa miguu yake ni tuta la daraja la Kilombero.

Lakini hakuzitazama ngazi. Alimtazama Bahaduri. Nywele nyeupe, uso umekunjamana, meno manne kwa kuhesabu kwa haraka. Na mtu huyo akainama, akachukua begi la Osward, akalitia kwenye tenga, akapitisha mkanda wa tenga kwenye paji la uso wake na kusimama nalo.

"Shikamoo mzee," Osward akasema, kwa kukosa la kusema.

Sarita alimfundisha Bahaduri kuitikia marahaba, bila maelezo, kwa sababu Binodi alishaanza kupuliza filimbi. Bahaduri alilipenda neno hilo. Alimwambia Osward marahaba, akamwambia Binodi marahaba, na nyumbu wa mizigo waliopita na mitungi ya gesi nao wakapata yao.

Sasa niambie wewe uliyelelewa na watu: utapandaje ngazi mikono mitupu, na mzee mbele yako anahema na mzigo wako? Osward alivumilia kona mbili. Ya tatu, Binodi akiwa ametangulia na Sarita amebaki nyuma anaongea na simu, akamfikia Bahaduri na kushika tenga. "Nikupokee, mzee."

Bahaduri akakataa kwa mikono yote miwili. Osward hakushangaa. Kwao mtu mzima akipokewa mzigo hukataa mara ya kwanza kwa heshima, hukataa ya pili kwa desturi, na ya tatu anaachia. Bahaduri alikataa mara ya tatu na ya nne, akaongeza na maneno marefu ya Kinepali, na Osward akayaona ni adabu ya hali ya juu. Akavuta tenga mpaka likatoka.

Ule mkanda wa kichwani ulimshinda, nusura umvunje shingo, kwa hiyo akafungua mipira yake, akajifunga tenga mabegani na kiunoni, na safari ikaendelea. Jasho lilimwingia machoni, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi mitatu. Ulikuwa mzigo wake wa kwanza tangu aambiwe apumzike. Nyuma yake Bahaduri alipanda na kofia ya Osward mkononi, mnyonge. Wazungu waliokuwa wakishuka walisimama kumpiga picha mgeni aliyembebea mpagazi tenga, na Osward aliwasalimu wote bila kuwaruka.

Ngazi zilipofika kwenye mgahawa wa chai, Binodi alikuwa amekaa anawasubiri. Aliona tenga, akaona aliyelibeba, na filimbi ikamdondoka mdomoni. Aliongea kwa muda mrefu bila kupandisha sauti. Bahaduri alitazama chini muda wote.

Sarita alifika akakuta hayo, akasikiliza, halafu akamgeukia Osward. "Kaka Osward, umemponza mwenzio. Ofisini kwao wanasema Bahaduri kaishiwa nguvu. Binodi alimtetea, akapewa safari hii moja amjaribu. Sasa amemkuta hana mzigo siku ya kwanza, mgeni ndiye anabeba. Anasema atamrudisha kutoka hapahapa."

"Kasemaje hasa?"

"Kasema mzee amefanya kazi sana, apumzike."

Neno hilo lilimpata Osward pabaya. Alilijua lilivyo, linavyosemwa kwa upole, na jinsi mtu anavyorudi nalo nyumbani akalala nalo. Na safari hii aliyelisababisha ni yeye, kwa adabu zake. Alisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwambie nilimnyang'anya. Mwambie nilikuwa najaribu mipira yangu."

Sarita akatafsiri. Binodi akasema vizuri, lakini atajuaje kama mzee ana nguvu? Begi kila mtu anabeba, hata mgeni kalibeba.

"Basi anibebe mimi," Osward akasema.

Sarita akamuuliza kama anaumwa. Osward akasema haumwi, ana kilo sitini na nane, alipimwa kwenye mizani ya mashine kabla hawajamfukuza. Mwenye mgahawa, aliyeelewa kabla ya kutafsiriwa, akaingia ndani na kutoka na tenga lililokatwa upande mmoja kwa ajili ya miguu, la kubebea wagonjwa. Wote wakamgeukia Bahaduri.

"Marahaba," akasema Bahaduri, na akavua koti.

Ndivyo Osward wa Lupiro alivyopandishwa mlima mgongoni mwa mzee, amefungwa kwa mipira yake mwenyewe, uso umeelekea nyuma, begi la mchele na perege mapajani. Jamani, alitamani ardhi ipasuke. Kila ngazi alisema "samahani mzee," na kila ngazi akaitikiwa marahaba, tena kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Wapiga picha walipotokea alijifunika kofia usoni, akiomba Mungu picha isifike Lupiro. Bahaduri hakusimama. Aliwapita watalii, akawapita nyumbu, na mwishowe akampita Binodi, ambaye alikuwa na begi dogo tu na anahema. Osward, akitazama nyuma, alimwona kijana akibaki chini ngazi kwa ngazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Juu kulikuwa na kibanda cha kuandikisha wanaopita. Karani alichukua vitambulisho vyao, akaandika, akisoma kwa sauti, huku Osward akiwa bado ndani ya tenga. Sarita alianza kutafsiri, akainama kulitazama daftari.

"Anasemaje?" Osward akauliza.

"Anasoma umri. Wewe hamsini na tatu." Alivuta pumzi. "Bahaduri arobaini na saba."

"Amekosea."

Sarita akakitazama kitambulisho. "Hajakosea."

"Na hayo meno?"

"Baridi. Na mizigo. Ameanza kubeba akiwa na miaka kumi na miwili. Anasema ofisini hakuna aliyewahi kumuuliza umri, walimtazama tu."

Ikabidi Bahaduri naye aelezwe ile shikamoo ya tangu asubuhi hutolewa na nani kwa nani. Alipoelewa, alicheka mpaka akakaa chini, tenga na Osward ndani yake. Binodi, aliyekuwa amefika sasa hivi, akasema hakuna mtu wa kurudishwa. Kama Bahaduri amepandisha mzima mzima mtu na mchele wake, ofisi ikiwa na maneno, imwambie yeye Binodi. Osward alifurahi kwa moyo wote, na papo hapo kitu kingine kikamshika kifuani. Kutwa nzima alikuwa amemtafuta mzee wa kumheshimu kwenye msafara ule, na mzee mwenyewe alikuwa yeye.

Walimfungua mipira, akasimama. Bahaduri naye akasimama mbele yake, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Lile jibu lake la "kamwambie baba yangu" lilikuwa tayari mdomoni. Osward alimtazama Bahaduri, nywele zile nyeupe, shingo ile iliyotuna kwa mkanda, na akalimeza.

"Marahaba," akasema.

Halafu akanyoosha mkono kuchukua begi, lakini Bahaduri alikuwa ameshalitia kwenye tenga na mkanda uko usoni. Osward hakumpokea. Alimfuata ngazi zilizobaki mpaka kijiji walichopangiwa kulala, mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi.