Nilivyomjibia Mwanafunzi wa Udaktari

Tangu Katanga ijitenge na Kongo, madaktari wetu wamekuwa wachache, nami nikatumwa hospitalini kupima jinsi daktari mmoja mzee anavyofundisha wanafunzi. Nakiri kwa majuto kwamba nilikwenda nikijiona mwerevu.

Mwanafunzi mwenye haya, aliyekaribia kufukuzwa kwa kutojibu maswali, alikuwa akimpapasa tumbo mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo. Daktari alinyamaza tu. Nikadhani hajui kufundisha. Kijana alipofungua kinywa, nikamtangulia: “Ini limevimba!”

Kijana akanywea. Daktari akashusha pumzi. “Bwana mkaguzi, nilinyamaza ili aseme. Leo ndipo alipothubutu.”

Mama akacheka, mkono tumboni, akamgeukia daktari. “Ini? Iko mutoto! Munganga, huyu mukubwa naye iko anajifunza?”