Ombi la Chepkurui Lililochujwa

Chepkurui alipiga simu kutoka Rongai saa nne asubuhi, akifoka. Ng'ombe wake alikuwa akilia tangu jana jioni, akitaka kupandishwa. Ombi lilitumwa kwa ushirika wa maziwa alfajiri, na daktari wa mbegu hajatokea. Mwezi uliopita ilikuwa vivyo hivyo. Joto likipita ni kungoja siku ishirini na moja tena, na ndiye ng'ombe pekee aliye naye.

Jerotich, aliyetengeneza programu ya maombi hayo katika ofisi ya ushirika mjini Nakuru, akafungua kumbukumbu za mfumo. Mistari elfu arobaini tangu usiku. Akachuja ibaki ile ya makosa tu: mitatu, yote ya Gilgil, ambako umeme ulikuwa umepotea. Akaandika namba ya Chepkurui. Hakuna. Akasogeza saa mbele, akairudisha nyuma, akaandika Rongai kwa herufi kubwa na kwa ndogo. Kadiri alivyochuja ndivyo skrini ilivyozidi kuwa tupu, na chai yake ikaota utando juu.

Saa sita kasoro akampigia. "Mama, una hakika ulituma?"

"Nitume na nini? Simu yangu ni kabambe, ya kubonyeza tu, haina intaneti. Kibii wa duka la dawa za mifugo ndiye hututumia maombi kwa simu yake, kijiji kizima."

Jerotich akaondoa chujio la makosa, akaweka namba ya Kibii. Maombi yote yakajitokeza. Ombi la kwanza la asubuhi, la jirani, limepokelewa. La pili, la Chepkurui: limerudiwa, limepuuzwa. Mfumo haukuliita kosa. Uliliandika kama habari ya kawaida. Simu moja, ombi moja kwa siku: kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe, yeye ambaye mama yake hadi leo hupokea salamu zake kwa simu ya jirani.

Akamtafuta Owuor, daktari wa mbegu, akamsihi aache alichokuwa akifanya. Owuor alifika Rongai saa tisa, akapiga simu.

"Ng'ombe ametulia, dada. Anacheua tu. Tumechelewa."

Kisha Chepkurui akaichukua simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma Jerotich zaidi.

"Hesabu siku ishirini na moja. Siku hiyo nitakupigia wewe, si mashine yako."

Jerotich akaifuta kanuni. Halafu akachukua kalamu, akaizungushia duara tarehe ya siku ya ishirini na moja kwenye kalenda ya ukutani.