Mkalimani wa Kurwa

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na mabinti zake walikulia chini ya meza ya kukatia, wakichezea vipande vya vitambaa vilivyodondoka. Kurwa alitangulia kuzaliwa, Doto akafuata. Lakini Kurwa alikuja na ile hali ambayo madaktari huiita Down, na katika kusema mdogo mtu alimwacha mkubwa wake mbali. Doto alikuwa haishiwi maneno, hata bibi yao akasema huyu alimeza redio. Kurwa aliguna tu.

Shida haikuwepo, au ndivyo walivyodhani. Kurwa akiguna, Doto anafasiri: ana njaa, kandambili zinambana, anataka kubebwa. Wateja walicheka wakamwita Mkalimani, na mama mtu akavimba kichwa. Nani amlaumu? Mwenye mguu kwenye pedali, na bibi harusi kasimama anasubiri gauni, hana nafasi ya kutegua mafumbo ya mguno.

Mtaalamu wa matamshi hospitalini ndiye aliyemkata maini. Alimtazama Doto akimjibia dada yake kila swali, kisha akasema kwa upole, "Mama, huyu atajifunza, ila taratibu. Lakini aseme ya nini, na kila kitu anasemewa? Kila siku mtenge kidogo na mwenzake. Ukimuuliza, msubiri."

Mama Pacha alitoka pale machozi yakimlengalenga. Akiwatenga na neno lisije, atakuwa amemnyang'anya mtoto sauti pekee aliyokuwa nayo. Hata hivyo, asubuhi iliyofuata Doto alipelekwa kwa bibi. Kurwa alijitupa mlangoni akalia mpaka usingizi ukamchukulia palepale.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mama alimwonyesha kifungo, akakitaja, akasubiri. Kusubiri ndiko kulikomshinda, maana mikono yake ilizoea kazi inayokwisha. Midomo ya mtoto ilicheza, neno lisitoke. Bibi akasema wazi kwamba wanamtesa mtoto bure. Siku hizo mama alishona mapindo upande, akafumua, akashona tena.

Msimu wa sare za shule ulikuwa umeshapita, jioni moja, Doto aliporudi akamkuta dada yake anaguna kando ya cherehani. Akatangaza kama kawaida yake, "Mama, Kurwa ana usingizi. Anataka kulala."

Kwa mazoea mama aliweka mkasi chini, akamnyanyua mtoto kumpeleka kitandani. Kurwa akamsukuma kifuani. Midomo ikahangaika. Mama akasimama, akasubiri.

"Apana," akasema Kurwa.

Doto alikunja uso. "Anataka, mama."

"Apana."

Lilikuwa neno lake la kwanza, na Mama Pacha alikuwa amemwomba Mungu hilo usiku na mchana. Akakaa naye mapajani. Ndipo akazikumbuka alasiri zote alizomlaza kwa kauli ya Doto, mtoto akabaki kitandani macho wazi, kimya, naye akarudi kwenye cherehani akiwasimulia wateja kwamba Kurwa wake hasumbui hata kidogo.