Thirza, Aliyewasha Jiko la Kanisa

Thirza Peart hakuwahi kuwa mhubiri wala mzee wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kuwasha jiko la makaa kila Jumapili, kabla sisi wengine hatujaamka, ili kanisa letu dogo la Kimethodisti lipate joto. Babu yake alikuwa mmoja wa wachimba madini waliolijenga kwa mawe ya mtoni, jioni, wakitoka mgodini. Migodi ilipofungwa watu wakahamia mijini, familia moja baada ya nyingine. Thirza akabaki, mjane, na ndoo yake ya makaa.

Kufikia majira ya baridi ya mwaka 1967 hatukuweza kujaza hata benchi moja. Mhubiri akaja kutuuliza: tufunge au tuendelee?

Ambrose, shemeji yake Thirza, mfuga kondoo mwenye sauti nzito, akasimama. "Halifungwi hili! Labda mnizike kwanza!"

"Shemeji," Thirza akasema bila kugeuka, "Jumapili ijayo jiko uliwashe wewe."

"Mimi? Na kondoo wangu je?"

"Waambie wakusubiri. Mimi nimekusubiri sana."

Tukacheka. Ambrose akaona aibu kukataa.

Jumapili hiyo theluji ilikuwa imeziba mlango. Ambrose aliifukua peke yake, akabeba makaa, lakini tulipofika tulikuta moshi umetanda ndani na baridi iko palepale. Yeye amekaa benchi la mbele, masizi mpaka masikioni, anakohoa.

"Umefanya hivi miaka yote?" akamwuliza Thirza.

"Nani mwingine angefanya?"

"Si ungesema."

"Nilisema, Ambrose. Mlikuwa mnaimba."

Tulipopiga kura, wa kwanza kuinua mkono lifungwe alikuwa Ambrose. Thirza aliinua wake mwisho, taratibu, akaushusha upesi.

Sasa mle ndani mnawekwa nyasi kavu za ng'ombe, na paa limeanza kubonyea. Wapo walionung'unika kwamba Thirza ndiye aliyeliua kanisa, hasa wale waliohama zamani. Siku moja nilimwuliza kama analikumbuka.

"Kama mgonjwa niliyemwuguza mpaka mwisho," akasema. "Nilimpenda. Ila nilichoka, mwanangu. Nilichoka sana."

Siku za Jumapili alilala mpaka jua likafika dirishani, na hakuna aliyethubutu kumgongea.