Wivu wa Karwirwa mbele ya kompyuta ya Ireri

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Majengo mjini Meru. Jedidah Karwirwa ameinamia sanduku la kioo lenye balbu ndani. Juu ya kioo ameweka negativu ya bibi harusi wa Jumamosi, na kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano, anaziba chunusi moja kwenye paji la uso. Anabana pumzi. Mkono ukiteleza, bibi harusi atakuwa na kovu ambalo hakuzaliwa nalo.

Mlango unafunguka bila hodi. Kijana asiyemjua anaingia kinyumenyume, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwa blanketi.

"Samahani dada, hii niiweke wapi?"

"Kwani ni nini? Na wewe ni nani?"

"Naitwa Ireri, natoka Kianjokoma, kule Embu. Mzee hakukuambia?"

Mzee Mithika, mwenye studio, hakuwa amemwambia. Blanketi linafunguliwa na kompyuta inatokeza. Kijana anazungusha macho ukutani kutafuta mahali pa stima. Soketi ni moja, nayo ndiyo inayowasha balbu ya Karwirwa. Anaomba kwa adabu kama anaweza kuichomoa.

"Akachomoa," anakumbuka Karwirwa. "Nikajua kitu cha pili kuchomolewa ni mimi."

Hiyo ilikuwa Februari mwaka huu wa 1998, barabara zikiwa bado na matope ya El Niño. Watu walikuwa wakileta picha zilizoloweshwa na mvua, nyuso zimeshikamana na vioo, na penseli peke yake haikutosha. Mzee Mithika alikopa, akanunua mashine, akaajiri kijana aliyekuwa amefundishwa kuitumia Nairobi.

Karwirwa ana umri wa miaka thelathini na minne. Aliacha shule kidato cha pili, karo iliposhindikana, na tangu hapo kazi yake imekuwa nyuso za watu. Humtoa mtu mikunjo, humfumbua jicho lililofumba. Mshahara wake ni shilingi elfu tatu na mia tano kwa mwezi, na ndio unaomweka shuleni binti yake, Karimi.

Siku ya pili Mzee Mithika aliwaita wote wawili. "Kompyuta ni moja na kiti ni kimoja," akasema. "Mwaka ukiisha nitaangalia picha. Sitaangalia nani alitangulia kuingia hapa."

Wateja hawakungoja mwaka uishe. Walimpita Karwirwa wakiuliza, "Yuko wapi yule kijana wa mashine?" Mama mmoja ambaye Karwirwa alikuwa amemrekebishia picha za watoto wake wote, tangu ubatizo, alimsalimia kwa haraka kisha akaenda kusimama nyuma ya Ireri.

Karwirwa hafichi jinsi alivyoumia. Mluzi wa Ireri ulimkera. Hata namna alivyokoroga chai ilimkera. "Stima ikipotea, Majengo yote inalalamika. Mimi nilikuwa naimba nyimbo za kanisa," anasema, na kicheko kinamtoka bila kupenda.

"Karwirwa," Mzee Mithika alimtania siku moja, "ukiendelea kuiangalia mashine yangu hivyo itashika moto."

Mchana mmoja wa Aprili Ireri alitoka kwenda kula, akaacha kazi wazi. Karwirwa aliketi kwenye kiti chake. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya mwalimu mstaafu, na pembeni safu ya visanduku vidogo, kila kimoja na alama ya jicho. Alibonyeza jicho moja. Koti la mwalimu likatoweka, akabaki na fulana.

"Nikajua nimemvua mtu nguo na sijui kumvisha."

Ireri alimkuta hapo, mkono ukiwa bado kwenye kipanya.

"Hujaharibu, Mama Karimi. Bonyeza tena."

Koti likarudi. Ndipo alipomweleza kwamba picha ile si kitu kimoja. Ni karatasi nyingi zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila tabaka, au leya kama wanavyoita wenyewe, lina kazi yake: moja limebeba koti, jingine kivuli, jingine mwanga wa shavuni. Jicho likifungwa, tabaka hujificha. Likifunguliwa, hurudi.

"Nikienda kula, fungua faili yoyote usome," Ireri akamwambia. "Mimi sina neno. Lakini siku utakayotengeneza picha ambayo mimi siwezi, na wewe uniachie leya zako wazi."

"Sawa," akajibu Karwirwa. Aliahidi kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kurudisha kitu ambacho hatarajii kukipata.

Tangu siku hiyo mchana wake ukawa shule. Alifunga macho yote ya faili, kisha akayafungua moja moja kuanzia chini, na kabla ya kubonyeza alijiuliza tabaka hili linalofuata limewekwa kwa nini. Hivyo akajua kwamba kivuli cha Ireri si cheusi. Kina rangi ya udongo ikiwa mtu amesimama nje, na ya kibuluu akiwa ndani. Akajua pia siri ya makoti.

"Ni koti moja tu!" anasema. "Wanaume wote aliowatengeneza mwaka huu, walimu, wazee wa kanisa, hata mchinjaji wa hapa jirani, wamevaa koti lile lile."

Chini ya baadhi ya kazi alikuta matabaka yaliyofichwa, nyuso ambazo Ireri alijaribu akashindwa. "Hizo nilizifurahia kuliko picha yenyewe. Nilikaa nikiziangalia kama mtu anayekula nyama."

Mwanzoni mwa Novemba, Ireri akiwa amekwenda kwao kwa siku mbili, mama mmoja aliingia studioni kutoka Laare. Alijitambulisha kuwa Ntinyari. Kutoka ndani ya shuka alitoa picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya familia, yeye mwenyewe, binti yake na wajukuu. Ya pili ilikuwa ya mkwe wake, Muriithi, akiwa amesimama kando ya pikapu ya miraa. Muriithi alifariki mwaka jana kabla ya kupigwa picha pamoja na watoto wake.

"Mwari, binti yangu, unaweza kumrudisha hapa?" akauliza. "Mjukuu wangu mdogo anauliza baba yake alikuwa mrefu kiasi gani, na mimi naonyesha tu kwa mkono."

Karwirwa alisema anaweza. Hakuna aliyekuwepo wa kumkataza.

Alifanya kazi siku zote mbili. Katika picha ya familia kulikuwa na pengo upande wa kuume wa Ntinyari, naye akamsimamisha Muriithi hapo. Aliweka kivuli cha bega la kijana kikaangukia bega la mama yule, chenye rangi ya udongo hasa, mpaka mtu angeapa kwamba walisimama pamoja.

Ireri aliporudi aliitazama kwa muda mrefu.

"Kivuli kimekubali," akasema. "Lakini huyu mama na huyu kijana ni..."

"Ni nini tena?"

"Nauliza tu, wanaitana nani?"

"Ireri, sema umeshindwa. Wivu ni kidonda, ndugu yangu. Utakonda."

Ireri aliinua mikono juu akaenda kutafuta chai yake. Karwirwa, kwa raha ya ushindi, akachagua amri ya kompyuta ambayo alikuwa ameiona lakini hajawahi kuitumia. Aliyabana matabaka yote yakawa moja, akahifadhi.

"Niliwaza, kama mimi nilisoma kwake, na yeye atasoma kwangu," anasema. "Nikafunga mlango. Hata ile ahadi niliikumbuka, nikaifungia humo ndani."

Ijumaa Ntinyari alikuja kuchukua picha. Aliishika kwa mikono miwili. Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza na kujifunika uso kwa shuka.

"Mwari, umenisimamisha bega kwa bega na mkwe wangu?" sauti ilitoka ndani ya shuka. "Mimi na huyo kijana hatujawahi hata kupeana mkono. Akiniona njiani alikuwa anapita kwenye majani anipishe. Sasa amekufa, nimsogelee?"

Kwa Wameru, na kwa Waembu pia, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Karwirwa si mgeni wa desturi hiyo. "Niliijua kabla sijajua kusoma," anasema. "Lakini siku zile mbili sikumwona huyo mama. Nilikuwa namwona Ireri tu."

Aliomba msamaha, akaomba wiki moja. Ntinyari alipotoka, Ireri alisogea karibu. Hakucheka.

"Si kazi kubwa. Isukume tu leya ya Muriithi upande ule."

Karwirwa akaanza kupangusa meza.

"Mama Karimi. Usiniambie umeibana."

"Nimeibana."

"Yote?"

"Yote."

"Basi ni mukimo," akasema Ireri polepole. "Ukishaponda viazi na mahindi pamoja, huwezi kurudi kuchagua mahindi."

Karwirwa alianza upya. Aliiweka picha iliyokosewa chini kabisa kama kielelezo, akajenga juu yake. Uso wa Muriithi ulikuwa umechomwa na jua la mchana, na kila alichojaribu kwenye mashine kiliufanya uwe laini kama sabuni. Hapo akafanya jambo ambalo hakuna faili ya Ireri iliyomfundisha. Kwa kamera aliipiga upya ile picha ya karatasi ya Muriithi, akapata negativu, akawasha sanduku lake la zamani na kuifanyia kazi kwa penseli, pua, midomo, ndevu chache za kidevuni. Kisha akaiingiza kwenye kompyuta na kuilaza juu ya ule uso kama utando mwembamba. Ngozi ikapata uhai.

Safari hii Muriithi alisimama mwisho wa mstari, binti ya Ntinyari na watoto wakiwa katikati, kiganja chake juu ya bega la mtoto mdogo.

Wiki ilipokwisha, Ntinyari aliweka kidole kwenye picha, juu ya kichwa cha mjukuu, akakipandisha taratibu hadi kwenye kofia ya Muriithi. "Ee. Alikuwa mpaka hapa," akasema. Akaifunga picha ndani ya shuka, akaondoka nayo.

Jumamosi iliyopita, mwandishi wa makala haya alipofika studioni, Mzee Mithika alikuwa ametangaza kwamba ataamua Jumatatu. Atakayekalia kiti ndiye atakayetengeneza kalenda ya jubilei ya kanisa, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Kila mmoja ataleta picha moja. Ireri alikuwa ameinamia nakala ya ile picha ya familia ya Laare tangu asubuhi.

"Kivuli nakijua, ni changu," akasema mwishowe. "Lakini hii ngozi umeifanyaje? Mimi siwezi."

Neno la ahadi hakulitaja. Huenda hata amelisahau.

Karwirwa aliketi kwenye kompyuta, akatia diski yake na kufungua faili. Mzee Mithika alielewa anachotaka kufanya, akatikisa kichwa. "Karwirwa, unampa mwenzako panga kisha unamwonyesha shingo. Si ungoje Jumanne?"

"Jumanne haitakuwa ahadi, Mzee. Itakuwa sadaka."

Ndoto yake anayo. Siku moja anataka kufungua studio yake Laare, ili kina mama kama Ntinyari wasisafirishe marehemu wao mpaka Meru. Bila kiti hicho na mshahara wake, ndoto hiyo itakaa. Anasema wivu haujaisha. "Hata leo akipiga mluzi nasikia kitu hapa," anasema, akigusa kifua.

Amri ya kubana iko pale pale, na kipanya kiko karibu nayo. Karwirwa anaipita. Anafungua jicho moja baada ya jingine: watoto, kivuli, penseli. Chini kabisa imelala picha ya kwanza, Muriithi bega kwa bega na mama mkwe wake, ile ambayo Ireri alijaribu kumwonya juu yake akaambiwa atakonda. Anaitazama kidogo. Haifuti.

Anahifadhi, anatoa diski, anaipangusa kwa ncha ya leso na kuiweka kando ya kikombe cha Ireri.

"Penseli ni leya ya tano," anamwambia bila kumtazama. "Na wewe usiibane."