Siku Tuliyoshuka Melini na Mizigo Yote

Nyinyi mliokulia Brussels miaka ile ya tisini, watoto wa watu wa Kivu, mtanielewa haraka. Sisi ndio tulioruka elastiki katika ua wa nyumba za Molenbeek mpaka jirani wa chini akagonga kioo. Sisi ndio tuliokula frites, chipsi za Kibelgiji, njiani, tukalamba mayonezi vidoleni, halafu tukafika nyumbani na kuapa mbele ya sahani ya bugali kwamba tuna njaa. Jumapili baada ya misa tulijipanga kwenye kibanda cha simu, kila mtoto aseme neno moja kwa bibi wa Bukavu kabla kadi haijaisha. Na tulikuwa na baba wasioamini kitu. Hilo nalo mnalijua. Mtu akigonga mlango, kwanza tulinyamaza wote, hata televisheni ilipunguzwa sauti. Barua yenye muhuri ilifunguliwa Papa akiwa amesimama. Vijana wa leo wanamfungulia mtu wa pitsa bila hata kuuliza ni nani. Papa angewaona, angelazwa.

Bon. Mwaka huo Maman alijaza kikaratasi cha tombola, bahati nasibu ile, katika supermarché ya karibu na sisi, akakitumbukiza ndani ya sanduku kwa sababu tu msichana wa kwenye kaisi, anayepokea pesa, alimwomba kwa upole. Miezi miwili baadaye barua ikaja. Tumeshinda safari ya meli kwenye visiwa vya Karibi, siku saba, watu wanne, chakula ndani, na ndege ya kutupeleka na kuturudisha. Papa aliisoma mara tatu, akaiweka juu ya friji, na kwa wiki nzima aliipita kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

"Kintu ya bure iko na kamba," alisema. "Leo hauone kamba. Kesho banaivuta."

Alikuwa anasafisha maofisi kule Schuman, kwa hiyo aliwauliza wenzake wote wa kazi. Mmoja akamwambia ni mtego wa serikali, wanataka kuona mkimbizi gani ana pesa za likizo. Papa akarudi nyumbani amefurahi, maana amepata mtu wa mawazo yake. Maman hakubishana. Yeye alikuwa anatunza wazee Ixelles na alizoea kungoja mtu achoke mwenyewe. Alienda supermarché, akahakikisha, akarudi na picha ya meli yenyewe, nyeupe, ndefu kama mtaa wetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Picha ile nililala nayo chini ya mto mpaka ikakunjika. Dada yangu Mapendo, wa miaka kumi na tatu, alijidai hajali, lakini nilimsikia akijifunza mbele ya kioo namna atakavyowaambia wenzake wa shule.

Tukaenda. Na shaka ya Papa ikapanda ndege pamoja nasi, ikapanda na meli. Siku ya kwanza kengele ililia, tukavalishwa majaketi ya kuelea, tukaonyeshwa pa kukimbilia meli ikizama. Papa aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Goma mpaka Bukavu mara nyingi bila kufundishwa lolote, alimgeukia Maman na jaketi lake la rangi ya machungwa limemfika masikioni.

"Meli gani inafundisha bantu kuzama siku ya kwanza?"

Usiku wa pili tulikuta taulo kitandani limekunjwa kama bata. Mimi nilipiga makofi. Papa aliuliza nani ameingia, akahesabu soksi. Chakula kilikuwa bahari nyingine, meza ndefu kutoka ukuta mpaka ukuta, na Papa alituruhusu kula kila kitu mradi tusitie sahihi mahali popote. Maman naye alikuwa na shaka zake za kimya. Ndani ya valizi yake, sanduku la safari, alikuwa amefunga kilo mbili za unga wa muhogo wa kule Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika wa Brussels, na sufuria ndogo, kwa kuwa haijulikani, anaweza kupata jiko.

Lakini jambo lililomkosesha Papa usingizi lilikuwa moja. Tulipopanda, watu wa mapokezi walichukua vitabu vyetu vya kusafiria, vile vya buluu vya wakimbizi tulivyovingoja miaka, wakatupa kadi ndogo za plastiki badala yake. Walisema ni kawaida, wanakaa navyo mpaka mwisho wa safari. Papa alitoa vitabu vile kimoja kimoja, kama mtu anayetoa meno.

Siku ya nne tukatia nanga Guadeloupe. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, si mvua ya Brussels ile ya kulialia siku nzima. Hii ilimwagwa kwa ndoo, ya moto, na ilinuka udongo. Ratiba ilisema tunashuka, tunapanda basi, tunakwenda kuona maporomoko ya maji mlimani, tunarudi kabla ya saa kumi na nusu, saa ya meli kuondoka. Asubuhi Papa alienda mapokezi kuomba vitabu vyetu. Wakamwambia havihitajiki, kadi inatosha. Alirudi chumbani, akafunga mlango, akashusha valizi kutoka juu ya kabati.

"Banatuteremusha bila papiers," alisema. "Na mvula hii. Vikeni manguo. Tunabeba yote."

Maman alikuwa anamfunga Mapendo nywele. Alisema polepole, bila kugeuka, "Papa Mapendo, tunaenda kuona maji tu. Tunarudi."

"Na ile siku tulisema nini? Tulisema tunarudi."

Hapo lazima niwaeleze. Siku tuliyotoka Bukavu, Papa alituambia tunakwenda kwa shangazi mchana mmoja tu, mpaka risasi zitulie. Maman aliacha maharage yamelowekwa. Hatukuiona nyumba ile tena. Kwa hiyo Maman aliposikia maneno yale, aliacha nywele za Mapendo nusu, akaanza kukunja nguo.

Mapendo alilia. Alisema watu watatucheka.

"Bacheke," Papa akamwambia. "Bora kuchekwa uko na manguo, kuliko kuhurumiwa uko bila."

Basi fikirieni. Wazungu mia wanashuka ngazi na kamera na kofia za majani, na sisi katikati yao na valizi nne, Maman amejifunga kitenge juu ya koti la baridi ili koti lisibaki. Mlinzi wa ngazini alitutazama, akatazama valizi, akapitisha kadi zetu kwenye mashine, kisha akasema kitu kwenye redio yake. Papa aliiona ile redio. Aliniambia nishike mkono wake.

Ndani ya basi valizi zilikaa magotini mwetu. Bibi mmoja wa Kibelgiji aliusogeza mkoba wake upande wa dirisha. Kiongozi wa safari alikuwa mama wa kisiwa kile, Madame Josette, mweusi kama sisi, mwenye sauti ya kuimba, na hilo nalo Papa hakulipenda. Mtu anayefanana na shangazi yako, halafu hujui ukoo wake, huyo ni wa kuogopwa zaidi. Madame Josette alihesabu watu, akafika kwetu, akatuuliza kama tumekosea gari, hili haliendi uwanja wa ndege. Papa akajibu kwa Kifaransa chake cha misa kwamba hatujakosea.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa mambo kwa namna yangu. Valizi zote zimeshuka, kwa hiyo tumehamia. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini moyo wangu ulipenda sana kupewa nchi. Nilifuta ukungu wa kioo nikaona migomba, nikaona mihogo, nikaona wanawake wamebeba beseni kichwani ndani ya mvua, nikasema kimoyomoyo, merci Yesu. Nilichagua nyumba yenye bati jekundu kwenye kona ya mlima. Nikamnong'oneza Mapendo kwamba nampa kitanda cha dirishani. Alinifinya.

Kwenye maporomoko watu waliteremka njia ya matope wakilalamika, maana mvua ilikuwa nyingi hata maji ya juu na maji ya mlima hayakutofautiana. Papa hakwenda. Alikaa kwenye kibanda, juu ya valizi, amegeuzia maji mgongo na kutazama basi. Tulimwacha hivyo, sisi watatu tukashuka. Maman alivua viatu. Sikuwahi kumwona mama yangu pekupeku nje ya nyumba tangu tufike Ulaya. Alisimama pale maji yanaporuka, akafumba macho, akasema yananuka kama nyumbani, kisha akashtuka na kutuhesabu, ijapokuwa tulikuwa wawili tu.

Tulirudi bandarini saa kumi kasoro dakika chache. Abiria wenzetu walipita moja kwa moja. Sisi tulisimamishwa. Afisa wa forodha, bwana mnene mwenye masharubu, alikuwa ameshapewa habari kwamba kuna familia iliyoshuka na kila kitu, na sasa inarudi na kila kitu. Mtu wa namna hiyo, akasema, ama alitaka kutoroka akashindwa, ama amekwenda kuchukua kitu. Tukaingizwa kwenye banda la mabati. Valizi zikafunguliwa moja baada ya nyingine juu ya meza ndefu, nguo zetu za ndani, makoti ya baridi, bulletins, ripoti za shule yangu tangu darasa la kwanza. Afisa alipofika kwenye sufuria alisita. Chini ya sufuria akakuta mfuko wa nailoni, unga mweupe, kilo mbili, umefungwa mafundo matatu.

Afisa aliunyanyua mfuko. Akaubonyeza, akaunusa, akamtazama Papa kwa macho ya moto. Maman akaanza kueleza, Kifaransa kikamkimbia, akabaki anaonyesha mkono unaosonga bugali. Askari wawili wakasogea. Nje, kupitia kelele za mvua juu ya mabati, tulisikia honi ya meli, ndefu.

Aliyetuokoa ni Madame Josette. Alikuwa hajaondoka. Aliingia banda lile akikung'uta mwavuli, akaomba kuona, akalowesha kidole, akachovya, akalamba.

"Hii ni manioc, muhogo," akamwambia afisa. "Mama yako alikulea na nini?"

Afisa naye akachovya. Masharubu yakabaki na unga. Akamwuliza Maman wanaupika vipi huko kwao, na Maman, mnamjua mama wa Kivu akiulizwa upishi, Kifaransa kilimrudia chote. Wakabishana kama maji yatangulie au unga. Lakini saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini.

Papa alikuwa ameshaiona. Hakupiga kelele. Sijawahi kumwona ametulia vile. Alifunga valizi, akazipanga ukutani mahali pasipovuja, akatukalisha juu yake, mimi na Mapendo, akanikaza kamba za viatu. Kisha akamwuliza Madame Josette kwa adabu kama kuna parokia karibu, na kama padri wake anapokea watu. Alijua kuachwa kama vile watu wengine wanavyojua ufundi seremala. Mapendo alitazama chini. Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kuuliza kuhusu nyumba ya bati jekundu.

Ndipo akaingia kijana mwembamba wa meli, miwani imejaa maji, viatu vyeupe vimekuwa vya matope. Alikuwa amekimbia bandari nzima. Alisoma majina yetu kutoka kwenye karatasi, vibaya kabisa, yote manne. Akasema wametutafuta nusu saa, wametuita kwenye vipaza sauti, na nahodha amekasirika.

Papa alisimama. "Mulitungoja?" aliuliza kwa Kiswahili, akasahau kwamba yule kijana hakijui. Akarudia kwa Kifaransa.

"Bwana, wanne hamjarudi," kijana akajibu. "Tungeondokaje?"

Papa hakuamini. Alinyoosha mkono, akaichukua ile karatasi mwenyewe, akaisoma kutoka juu mpaka chini, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea kwenye kila jina lililowekwa alama ya kurudi, huku kijana wa watu anadondosha maji. Majina mengi, yote yana alama. Yetu tu hayana. Akairudisha. Akavua kofia akaivaa tena. Kijana alipoinama kubeba valizi ya kwanza, tulingoja Papa amzuie, maana valizi ile hakuwahi kumwachia hata mjomba. Akamwachia.

Tulipanda ngazi chini ya macho ya meli nzima, abiria wamejipanga juu na glasi zao, wamenuna kwa kucheleweshwa. Papa aliwasalimia wote, kulia na kushoto, kama bwana harusi.

Siku hizi vijana wetu wa Brussels wanakwenda Barcelona Ijumaa na Jumatatu wako kazini. Mfuko mmoja wa mgongoni, tikiti ndani ya simu, chaja wameisahau, na hilo ndilo janga lao. Wanafunga mlango bila kuutazama. Ninawacheka, lakini ninafurahi pia, maana hicho ndicho wazazi wetu walichokitafuta kwa miguu. Ila wakifika wanaandika "nimefika" kwa watu mia tatu, alama za dole gumba zinajaa, na nikiwatazama nawaonea huruma kidogo. Hakuna hata mmoja kati ya wale mia tatu aliyewahi kusimama mvuani kuwatafuta, meli nzima ikiwangoja.